Wapagazi wa Jasini nao waandikwe

Sisi watu wa Tanga tukiongelea vita kuu ya kwanza tunakimbilia tu stori ya nyuki waliowauma wanajeshi vitani hapa Tanga, na hata mi naipenda hiyo stori, Waingereza wameshuka Raskazone na kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India, Mjerumani ana kama elfu moja hivi, wengi wao askari weusi, halafu kufika tarehe 5 Novemba 1914 wale wengi ndo wanarudi melini mbio wameacha bunduki na marisasi kibao. Nyuki waliuma pande zote jamani, hawakuchagua. Ila kilichomuokoa Mjerumani hasa ni reli, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwateremsha watu wake na treni kutoka Moshi huku jenerali Aitken wa Waingereza bado anajivutavuta baharini.

Sasa mbona Jasini hatuisemi?

Jasini ni kijiji cha huku kwetu Mkinga, mpakani kabisa na Kenya. Miezi miwili tu baada ya Tanga, tarehe 18 na 19 Januari 1915, palipigwa vita kali sana pale kwenye mashamba ya mkonge. Waliokuwa wanailinda ngome upande wa Waingereza ni askari wa kutoka India na Kashmir, mkubwa wao kanali Raghbir Singh akauawa palepale, wenzake wakapambana mpaka risasi zikaisha ndo wakasalimu amri. Wajerumani wakashinda, lakini ushindi wenyewe uliwaumiza vibaya, Lettow mwenyewe alipigwa risasi ya mkono, maafisa wake kibao wakafa na risasi zikateketea nyingi kuliko alivyoweza kumudu. Akaona akiendelea na vita za aina hii hafiki mbali, bora awe anavizia na kukimbia. Kwahiyo ile miaka yote ya kukimbizana porini mpaka Msumbiji, hadi Novemba 1918 anaweka silaha chini kule Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, chanzo chake kimojawapo kikubwa ni kijiji chetu hiki cha minazi na mkonge. Mi naona hiyo peke yake inatosha kuipa Jasini jiwe la maana.

Waliokufa upande wa Waingereza wana makaburi yao ya kumbukumbu pale Tanga mjini na jina la Jasini limo. Sina tatizo kabisa na hilo, kijana aliyetolewa milimani Kashmir akaja kufia kwenye mkonge wa watu anastahili jina lake lisomwe.

Shida yangu ni wapagazi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anatuambia baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi, wala hawakuletewa habari, mama yake akakaa anasubiri mpaka watu wakamwambia basi, someni hitma. Na hakuwa peke yake, upande wa Waingereza tu waliopitishwa kwenye hiyo kazi wanakadiriwa kufika kama milioni moja kwa vita nzima, na wengi waliokufa hawakufa kwa risasi, ni kuhara, malaria, njaa, na kuchoka. Kariakoo yenyewe ya Dar imepata jina hapo, kutoka "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi, ndo ilikuwa kambi yao. Ile sanamu ya askari pale Dar, ya mwaka 1927, inawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, maneno mazuri na mi nayaheshimu, ila jina la mtu hakuna.

Kuna watu wataniambia serikali ipo italinda. Ngoja nieleze kidogo, maana hii wengi haiwafikii: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Cha baada ya hapo mpaka kitangazwe rasmi. Vita yetu ni ya 1914, kwahiyo handaki, ngome iliyobomoka, kaburi la porini, vyote hivi visipotangazwa mtu anaweza kuja akachukua mawe akajengea choo na hana kosa kwa sheria hiyo. Ndo maana nasema kijiji kianze chenyewe, mkutano wa kijiji uandike muhtasari, upelekwe wilayani kwa afisa utamaduni, barua iende idara ya serikali ya Mambo ya Kale. Jiwe lenyewe si lazima liwe la gharama, mafundi wa matumbawe tunao.

Cha kuwahi ni majina, maana hayo yako vichwani kwa wazee na wazee wanatutoka. Kama una bibi au babu Jasini, Moa, Duga, popote ukanda huu, muulize nani kwenye ukoo alichukuliwa vita ya Mjerumani, jina la baba yake na la mama yake, alitokea kijiji gani, alirudi au hakurudi, mrekodi kwenye simu kwa sauti yake mwenyewe. La kwetu la babu mzaa bibi nimeshaliandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, na mama amenipa mengine mawili ya majirani zao wa zamani, naenda kuyahakikisha kwa wajukuu zao Idi ikifika wakiwa wote nyumbani.