Mbuzi ya nazi Davidson

Mbuzi ile haikuwa yangu. Shangazi aliifunga kwenye kanga, akaitia begini mwangu pale Tanga na kunikabidhi nimfikishie mwanawe wa kwanza, aliyeko Regina, Kanada. Mimi naishi Saskatoon. Kwa shangazi, hiyo ni mitaa miwili ya mji mmoja. Ni kilomita kama 260 za barabara namba 11.

Tukazungushana kwenye simu. Kaka ni mkubwa, hamfuati mdogo. Mimi nimetoka safari, na aliyetoka safari ndiye anayefuatwa. Mwisho akasema, “Basi, Davidson.”

Mji huo una watu elfu moja hivi, maghala ya nafaka, vituo vya mafuta, na birika la kahawa la bati lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lililosimamishwa kuonyesha ukarimu wa wenyeji. Mimi nililiona dele la muuza kahawa wa Ngamiani, kule Tanga, lililokua likamshinda mwenyewe.

Ilikuwa Januari, nyuzi 30 chini ya sifuri, na kwenye tambarare ile upepo hauna wa kuuzuia. Gari la pembeni, mama na baba walikuwa wakipokezana watoto na mabegi yao bila hata kusalimiana.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Umenionea.”

Alikuwa amepima njia nzima. Na kweli, Davidson inasemwa ni katikati, lakini iko karibu zaidi na Saskatoon.

Tulipofungua buti, mzee mmoja mkulima akasimamisha pikapu akidhani gari limetuharibikia. Baridi kama ile, watu wa huko hawampiti mtu bila kumuuliza. Akaiona mbuzi. Ni ya kuparia samaki? Kaka, ambaye nyumbani sikuwahi kumwona akiigusa, akaikunjua, akaiweka juu ya theluji, akaikalia na kuanza kukuna nazi isiyokuwepo, glavu mikononi. Mzee akataka kujaribu. Alikuwa pande la mtu. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye miguu ya mbuzi ya shangazi. Ikastahimili.

Supu alilipa kaka, kwa ukubwa wake. Kisha akatoa amri: mara ijayo tukutane Craik, mji unaofuata ukielekea kwake. Nikaitikia, “Sawa, kaka.” Mzigo uliofuata aliujia palepale Davidson, na akaanza kwa kuniuliza kama yule mzee nimemwona.