Nilifuata kifaru kinachonguruma, nikakuta sinia la oili

Wenzangu wakienda Uingereza huenda kupiga picha London, mimi nikamganda shemeji yangu wa Southampton anipeleke Bovington, kwenye makumbusho, nikaone vifaru. Vya vita, maana dada yangu aliposikia alidhani nataka kwenda zoo. Shemeji akasema yeye kazini hatoki, panda treni ushuke Wool, hapo ni karibu tu. Karibu ya huko sijui wanaipimia nini. Nilishuka, stesheni kimya, mvua ile ya kunyunyiza ambayo hainyeshi wala haiachi, boda ndio usiseme, na nilipopata namba ya teksi jamaa akataja pesa ambayo mimi Mombasa naipata kwa kushusha gia boksi ya lori na kuirudisha. Nikatembea. Maili mbili hivi, na viatu vya harusi.

Mlangoni nikalipa tena. Wakanifariji kuwa tiketi ile naweza kurudi nayo mwaka mzima, nikasema asante, viza yangu inaisha mwezi ujao.

Vifaru viko karibu 300, lakini mimi nilifuata kimoja, Tiger 131. Cha Mjerumani, tani 57, Waingereza walikiteka Tunisia Aprili 1943 baada ya kombora kukwama pale kichwa chenye mzinga kinapokalia, kichwa kikagoma kuzunguka, wenyewe wakaruka wakakimbia wakakiacha kizima. Ndio Tiger I pekee iliyobaki duniani inayowaka na kutembea, na mtu kama mimi anayeshinda chini ya malori pale Changamwe, hilo la kuwaka ndilo lililomtoa nyumbani. Kumbe kinawashwa siku chache tu kwa mwaka na siku yangu haimo! Nimekikuta kimenyamaza, chini yake wametandika sinia, na kwenye sinia kuna oili.

Nikacheka peke yangu. Mzee mmoja wa kujitolea alikuwa hapo pembeni na kitambaa chake, akaniuliza kulikoni, nikamwambia mimi fundi, gari ikitoka kwangu inadondosha hivi mteja ananirudishia usiku huo huo. Akaniambia wao wanaogopa siku litakapokauka.

Basi tukakaa, saa nzima, vifaru vingine nimevipita tu kama watu wa stendi. Akanieleza walikitoa kwenye maonyesho 1990, kikarudi 2003 kinawaka, miaka 13! Mimi mteja akingoja wiki mbili anatishia polisi. Injini iliyomo sasa ni Maybach HL230 waliyoitoa kwenye Tiger II, mdogo wake aliyekuja baadaye, maana ya kwanza ilikuwa HL210, lita 21. Nikamuuliza sasa mzee, mkibadilisha injini, mpira, nati, bado ni kile kile cha Tunisia? Akajikuna, akasema ugomvi huo wanao hata wao wenyewe. Kila kikiwashwa kinajila, chuma kinasagika na hicho chuma huwezi kukirudisha, spea utachonga lakini utakachoweka ni cha juzi. Usipokiwasha nacho sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, zinakauka na injini inaganda. Akanipeleka kwa Little Willie, wa 1915, ndio baba yao wote, ndani hana injini na hakuna anayefikiria kumtia, yuko vile vile alivyobaki.

Nilidhani adui ni kutu tu. Kumbe ni unyevu wenyewe, kifaru ukikiacha nje kinakuwa sufuria, maji yanaingia juu hayana pa kutokea, viti vinaoza, raba za magurudumu zinapasuka. Ndiyo maana 2013 wakafungua ghala kubwa, vile vilivyokuwa vinalala nje vikapata paa. Hata rangi hukwangui ovyo, maana chini ya tabaka la juu kuna namba na alama za kikosi, ukipitisha msasa kwa pupa umefuta ushahidi. Hapo niliona haya kidogo, mimi msasa ndio salamu yangu ya kwanza kwa gari.

Na hapo ndipo nikaikumbuka mizinga ya pale Fort Jesus. Kuna mmoja ulitoka kwenye Königsberg, ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, kisha wakaing'oa mizinga wakaiburuta nchi kavu kupigania vita. Tiger ni mtoto kwake. Kila Idi tulikuwa tukiupanda na kanzu mpya, tukishuka matako yana vumbi jekundu, mama anatuchapa, hatujui kuwa ile ni kutu. Upepo wa bahari, chumvi, jua. Hapa unyevu kidogo watu wanajenga ghala.

Kwenye treni, miguu imevimba, chai ya kikombe cha karatasi kwa bei ya kuku, nikampigia mdogo wangu. Nenda Fort Jesus uniangalizie ule mzinga. Baada ya saa moja akaleta picha, upo, muuza kahawa ameegemeza dele lake pale, rangi imepasuka pasuka. Nikamwandikia maneno mengi, unyevu, sili, usikwangue, paka mafuta.

Akajibu, "Kaka, wataka nikaupake mafuta ya nazi?"