Semina ya mkonge

Dokta wetu wa semina ya historia hapa Tanga ana masharti, na leo tumeyaona yakifanya kazi. Simu kwenye begi. Ukichelewa, ingia kimya, salamu baadaye. Hayo tumeyazoea tangu sekondari.

Linalotutoa jasho ni hili: huruhusiwi kudai jambo bila kutaja umelisoma wapi, hadi ukurasa. Jamaa mmoja, mwenyeji wa Pangani, akaanza kwa kujiamini: "Mkonge uliletwa na Wajerumani." Dokta akamwuliza kwa upole, "Nani, mwanangu? Lini? Kutoka wapi?" Jamaa kimya. Dada mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi kabisa, akafungua daftari: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, 1893, miche kutoka Florida kupitia Hamburg. Kati ya 1,000 iliyosafirishwa, ikapona 62 tu. Na ikapandwa Kikogwe. Pangani! Kwao jamaa!

Darasa likaangua kicheko. Dokta akagonga meza: "Hoja inapingwa, mtu hachekwi." Tukatulia tuli.

Sharti la ukurasa mimi nalikubali kwa mikono miwili, maana limepunguza wale wa "nadhani" na "inasemekana". Nisilolipenda ni alama za kuchangia kila kipindi. Wengine wanaongea ili mradi wasikike, na yule dada angepimwa kwa hilo angeanguka, wakati ndiye aliyesoma kuliko sote.

Wiki ijayo zamu ya kundi letu, reli ya Usambara. Mwenye andiko zuri anitumie inboksi, na namba za kurasa tafadhali 😅