Majani ya mpunga, uyoga na mbuzi wangu kumi na mmoja

Ukipita Dakawa, huku Morogoro, baada ya mavuno utaona moshi kila upande: watu wanachoma majani ya mpunga. Ya kwangu sichomi tena. Naotesha uyoga humo kwanza ili yalainike, kisha mbuzi wangu kumi na mmoja wanayala kiangazi chote, na nimetoka jasho kufika hapa.

Aliyenishauri mwanzo alinipotosha. "Mama, mwagia majani maji, nyunyiza mbegu ya uyoga, funika turubai, basi." Nikatumia chupa tano za mbegu ya mamama, aina ya uyoga, elfu kumi na kitu pamoja na nauli. Siku ya nane nikafunua. Joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya makande. Juu kijani, katikati kijani iliyokoza, kona moja nyeusi kama masizi, harufu ya stoo iliyovujiwa na mvua. Jirani akasema nisipoteze mali, kwani mbuzi hali nini? Nilikasirika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na sumu hiyo hutoka kwenye ukungu, wala kuanika hakuiondoi. Lundo lote nikalifukia, shimo refu, beberu asije akalifukua.

Kosa lilikuwa maji baridi. Majani ya shambani yana vimelea vya kila aina, na usipoyapitisha kwenye maji ya moto ukungu wa kijani unautangulia uyoga. Mara ya pili nikayakatakata, nikaloweka usiku kucha, nikashindilia kwenye kiroba na kukitia ndani ya pipa la maji ya moto. Kiroba kikaelea! Nikakikandamiza kwa mti mpaka mikono ikafa ganzi, huku upande wa juu ukibaki mkavu. Ndipo nikakumbuka jiwe la kusagia la marehemu mama mkwe. Nikalifunga kamba, nikalitua juu yake taratibu, kiroba kikazama chote na kukaa humo zaidi ya saa nzima. Jiwe hilo sasa halitoki kwenye pipa. Majani yakipoa kabisa ndipo unatia mbegu, na ukiyaminya mkononi yatoe tone moja mawili tu.

Wiki ya nne utando wa uyoga ndani ya majani ulikuwa mweupe pe, wenye harufu ya uyoga mbichi. Bua ambalo zamani lilinichana kidole likakatika bila kelele. Uyoga unakula ule ugumu unaozuia tumbo la mbuzi kukifikia chakula. Lakini unakula na chakula chenyewe. Ukivuna mara nne, ulichobakiza ni mboji. Mimi navuna mara moja, tunapata kitoweo, kisha naanika majani juani.

Mbuzi waligoma siku mbili, wananusa na kupiga chafya. Nikamfungia peke yake jike mkubwa anayeongoza kundi, nikamwekea konzi ya majani yaliyonyunyiziwa maji ya chumvi, na juu yake majani ya lusina, mti wa malisho. Wenzake wakachungulia kwenye upenyo wa fito wakilia. Nilipowafungulia walisukumana kwenye hori mpaka likapinduka. Nikaongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili, na mpaka leo sivuki theluthi ya mlo. Kingine ni lusina, malisho na mashudu ya alizeti.

Kiangazi hiki majike wawili wanaonyonyesha hawajakauka maziwa. Na kiroba chenye doa la kijani sikikati kipande nikabakiza kingine. Jana nimefukia kimoja kizima.