Siku moja maishani mwangu: minueti ya vipimo vinane

Saa 11 alfajiri. Mtaa bado umelala, nami niko kwenye kinanda, sauti nimeishusha isivuke ukuta kwa jirani. Melodi ninayo tangu jana, kila mkwaju ukitenga kipimo na kipimo: so, mi / fa-re-ti / do, mi / re. Nusu ya pili: la, fa / so, mi / fa-mi-re / do. Ni minueti, dansi ya kale ya mapigo matatu, ufunguo wa G meja, mtindo wa kina Haydn, mtunzi wa karne ya 18. Bado mkono wa kushoto.

Sisi tuliokulia kwaya tuna ugonjwa wetu: kila nota ya soprano lazima tuitafutie alto, tena na besi. Kwenye piano ukifanya hivyo unamwaga zege. Tazama kipimo cha 2: fa, re, ti. Nota tatu, lakini zote zimo ndani ya so-ti-re-fa. Kodi moja, yaani kundi la nota zinazolia pamoja, yatosha kipimo kizima.

Saa 1. Chai na chapati, huku naimba besi peke yake: do, re, mi, so. Besi isiyoimbika sina imani nayo, hata kodi zake ziwe sahihi kwenye karatasi. Kipimo cha 2 kilinivutia kuweka ti chini, ila ti iko tayari juu, na ti mbili zote zitataka kupanda do kwa pamoja. Hapo una oktavi sambamba: sauti mbili zinatembea kama moja, na muziki unapwaya ghafla. Johann Joseph Fux alifundisha kuziepuka katika kitabu chake cha kontrapunto, ufundi wa kuunganisha melodi zinazokwenda pamoja, kilichochapishwa Vienna mwaka 1725, na Haydn kijana alijifunza humo bila mwalimu. Nikaweka re.

Saa 3 hadi saa 7 nafundisha watoto skeli. Hakuna la kusimulia.

Saa 8 mchana. Kipimo cha 5, na hapa ndipo siku ilipoishia karibu yote. Juu kuna la halafu fa. Nota hizo zinakaa kwenye fa-la-do, zinakaa pia kwenye re-fa-la. Fa chini inapendeza, kwa sababu kipimo cha 4 kimesimama kwenye so na sikio linahitaji pumzi mpya. Swali ni besi iende wapi baada ya fa. Ikipanda so, melodi nayo inatoka fa kwenda so; juu na chini zinapanda bega kwa bega, Fux anakunja uso. Basi besi ishuke mi wakati melodi inapanda so. Mikono inaachana, na kodi inakuwa do-mi-so, ila imegeuzwa, mi ikiwa chini badala ya do. Pigo la tatu naipeleka do, kwa sababu melodi imefika mi na sitaki mi mbili zipande fa pamoja.

Kipimo cha 7 nakiharakisha makusudi: kodi tatu, moja kila pigo, besi re-so-so, halafu do. Mwanzoni kodi moja kwa kila kipimo, mwishoni zinasongamana. Hivyo ndivyo msikilizaji anavyojua tunafika nyumbani kabla hatujafika.

Saa 10. Binti wa kidato cha pili anayejifunza piano ameingia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jaribu hii."

Akapiga besi pigo la kwanza, nota mbili za juu yake pigo la pili na la tatu. "Mwalimu, mbona kushoto kumekuwa kwepesi hivi?" Nikamwambia aibane kodi nzima kule chini kabisa. Ikanguruma. Akacheka, akarudi kwenye nota zake.

Saa 12 jioni, mazoezi ya kwaya. Nimewapa besi ule mstari wapashie sauti: do, re, mi, so, fa, mi-do, re-so-so, do. Wameushika mara moja. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, huu wimbo wa ibada gani?"

"Si wa ibada, mzee, ni wa piano."

"Utuwekee maneno basi."

Saa 3 usiku. Trio, sehemu ya katikati ya minueti, naiandika C meja, kushoto kukivunjavunja kodi nota moja moja kwa namna iliyopewa jina la Domenico Alberti wa Venice, ila kwa mapigo matatu. Melodi yake naiacha itembee polepole zaidi, maana kushoto kutakuwa na shughuli nyingi.