Siku tuliyozunguka Bang Krachao kwa baiskeli

Ilikuwa 2018, mi na shoga yangu tuko Bangkok tumefuata mzigo wa nguo soko la Pratunam kama kawaida ya watu wa Kariakoo, mzigo ukafungwa mapema, ajenti wa kago anasema kupima mpaka Jumatatu, sasa tukae hotelini tunatazamana? Kaka wa risepsheni akatuambia kuna watu wanatembeza wageni kwa baiskeli kutwa nzima, huko pembeni ya mji. Shoga akaanza, ooh jua, ooh magoti. Mi nimekulia Tanga bwana, baiskeli kwetu unaijua kabla hujajua kusoma, nikamlipia na yeye.

Tukaanzia Khlong Toei, uswahilini kabisa, vichochoro vyembamba mpaka usukani unataka kugusa kuta, mlango ukiwa wazi unamuona mtu kakaa chini anakula, TV inawaka. Dada anayetuongoza yeye kazi yake kupiga kengele na kusalimia kila bibi. Tukatokea mto Chao Phraya, baiskeli zikapakiwa kwenye kiboti cha mbao, mara tuko ng'ambo, Bang Krachao.

Jamani. Ukigeuka nyuma maghorofa na winchi za bandari, mbele minazi, migomba na miembe. Mto pale umejipinda ukalizunguka eneo lote, bado kidogo liwe kisiwa, na serikali yao ilishabana ujenzi kitambo, maghorofa marefu marufuku, ndo maana mashamba yamebaki. Wamechimba mifereji, udongo wakaupandisha tuta, matunda yanapandwa juu ya tuta.

Sasa njia zake! Vinjia vya zege vimeinuliwa kwa nguzo juu ya matope, sehemu nyingi pembeni hamna hata kamba ya kushika, na pikipiki nazo zinapita humohumo. Tukakutana uso kwa uso na mama mmoja wa makamo kwenye pikipiki, kabeba mtungi wa gesi, ndoo inaning'inia kwenye usukani. Akajisogeza ukingoni kabisa, akatua mguu mmoja kwenye zege, kandambili ya bluu imebakiza kisigino hewani, akatungoja tupite mmoja mmoja huku anacheka. Shoga yangu akashuka, akapita anasukuma, Ayatul Kursiy mdomoni. Nyuma yake Mjerumani mmoja tuliyekuwa naye kwenye msafara akapita kwa mbwembwe, eti mkono mmoja, mbele kidogo kenge akakatiza, mkubwa huyo! Jamaa puuu, matopeni na baiskeli yake, tope mpaka kiunoni. Aliyemvuta ni yuleyule mama wa pikipiki.

Ilikuwa Jumamosi kwa hiyo soko la Bang Nam Phueng limejaa, shokishoki na doriani zimepangwa utasema uko Unguja. Tukala wali na samaki, tukanywa madafu ya baridi.

Kilichomchekesha shoga ni vile vijumba. Nyumba nyingi nje zina kijumba kidogo juu ya nguzo, cha mizimu ya pale, maua, ubani, na chupa ya Fanta nyekundu imeshafunguliwa, mrija ndani. Akauliza, "Kwani mizimu nayo inataka mrija?" Dada akamjibu hata hacheki, kwamba mizimu inapenda vitamu, na ukimpa mgeni soda bila mrija si umemdharau? Shoga hakuwa na jibu.

Jioni kwenye kiboti cha kurudi nikaanza kulalamika, kwamba sisi Kigamboni ilikuwa hivihivi, unavuka na pantoni unakuta mikorosho na upepo, leo kila ukigeuka nguzo za mipaka na vibao vya viwanja vinauzwa, kwa nini na sisi tusingebana mapema. Shoga akaniangalia. "We ulipokata ile minazi ya Kibada ulimuuliza nani?"

Na yeye ana viwanja viwili kulekule Kigamboni, lakini hilo hakulitaja.