Korido letu limenitoa jasho

Jamani, leo nimeshinda koridoni kwetu na penseli. Nyumba zetu hizi za Kiswahili mnazijua: mlango wa mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mwisho kabisa mwanga wa uani. Mistari yote inakimbilia sehemu moja. Ukitaka kujifunza kuchora kina, yaani umbali uonekane kwenye karatasi, kwa nukta moja mistari inapokutania, usiende mbali.

Mchoro wa kwanza ulikuwa kituko. Milango niliipa upana sawa yote, ya mbali na ya karibu. Halafu nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, lakini mstari wa upeo, ule wa usawa wa macho, nikauweka juu kana kwamba nimesimama. Kumbe mstari ule hufuata jicho. Ukikaa, nao unashuka.

Basi nikachomeka pini kwenye nukta, nikafunga uzi. Ukingo wa dari, wa sakafu, vichwa vya milango: navuta uzi, nafuata kwa penseli. Ujanja wenyewe si wangu. Leonardo da Vinci alipochora Karamu ya Mwisho kule Milan, miaka ya 1490, alipigilia msumari ukutani kichwani pa Yesu ili mistari yote itokee hapo. Tundu lake mafundi wa ukarabati waliliona.

Sasa korido limekaa. Kilichobaki ni ndoo ya jirani chumba cha tatu. Mdomo wake unatakiwa uchorwe kama yai, nimefuta mara nne, na mwenyewe ameshaichukua kwenda kuoga.